Sura ya Sita: Mwezi Mbaya

Garissa, nyumba ya kupangisha kwa sehemu kubwa haijengwi kwa ajili ya mwenyeji. Mwenyeji ana ua wake, au wa baba yake, Bulla Iftin au Bulla Punda, na akioa huongezewa chumba humo humo. Anayelipa kodi kila mwezi ni mgeni: mwalimu kutoka Kitui, muuguzi kutoka Meru, karani wa serikali ya kaunti, mwanafunzi wa chuo kikuu, dereva wa shirika la misaada anayeishi mjini na kufanya kazi katika kambi za wakimbizi za Dadaab. Watu hawa hawafanani kwa lolote ila moja. Kubaki kwao au kuondoka kwao huamuliwa na mtu mwingine, aliye Nairobi, Geneva au Washington. Mara nyingine huamuliwa na mtu mwenye bunduki.

Sura hii inahusu siku ambayo mkataba wako na benki juu ya nyumba ya kupangisha unafika mwisho au unafika njia panda: muda umekwisha, au kiwango mlichokubaliana kimefika tarehe ya kubadilishwa, na wewe unatakiwa kuamua. Uongeze muda? Uhamie benki nyingine? Uuze? Ulipe lote umalize? Wauzaji wa mikopo watakuambia uamue kwa kuangalia riba. Mimi nasema uangalie kwanza mwezi mbaya, ule ambao wapangaji wameondoka na vyumba vingi ni vitupu. Riba inajulikana, imeandikwa. Mwezi mbaya haujaandikwa popote, na kaskazini mashariki huja hata kama benki haikuutia kwenye hesabu zake.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 washambuliaji wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala au wanasali. Hakuna hesabu ya fedha inayostahili kuwekwa karibu na idadi hiyo, nami siiweki karibu. Lakini kitabu hiki ni cha wenye nyumba, na lazima niseme yaliyofuata katika mitaa. Chuo kilifungwa. Wanafunzi walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Milango haikufunguliwa tena hadi Januari 2016, miezi 9 kamili. Aliyekuwa amejenga vyumba vya wanafunzi kwa fedha za benki alikuwa na jengo tupu na tarehe ya kulipa ambayo haikusogea.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2014, nje ya Mandera, abiria 28 walishushwa kwenye basi na kuuawa, wengi wakiwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizo. Shule zilipofunguliwa mwaka uliofuata, mamia ya walimu wasio wenyeji walikataa kurudi Garissa, Wajir na Mandera. Januari 2020, baada ya walimu 3 kuuawa Kamuthe, Tume ya Huduma za Walimu iliwaondoa tena wengine. Katikati ya hayo, Mei 2016, serikali ilitangaza kuifunga Dadaab. Mahakama Kuu ikalizuia agizo hilo Februari 2017, lakini kwa miezi kama 9 hivi hakuna shirika lililojua kama litahitaji nyumba ya wafanyakazi mwaka ujao. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mashirika yaliyoitegemea yakaanza kupunguza watu. Ukiongeza mafuriko ya mto Tana ya mwisho wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024, barabara ya Nairobi ilipokatika upande wa Madogo, utaona kwamba katika miaka 10 hivi hakukuwa na kipindi kirefu kisichokuwa na kishindo.

Kuna upande wa pili, na haki inanitaka niutaje. Tangu serikali za kaunti zianze 2013, mji umekua kwa namna ambayo wazee wa Soko Mugdi hawakuiota. Chuo kilipewa hati yake ya chuo kikuu kamili mwaka 2017. Walimu walirudi, ingawa si wote. Nyumba ya kupangisha Garissa ni biashara nzuri. Ila ni biashara inayosimama ghafla, kisha ikaanza tena, na mkopo haujui kusimama.

Sasa tuje kwenye mkataba wenyewe, maana neno "mwisho" lina maana tofauti kulingana na ulichotia saini.

Jamaa zetu walioko Birmingham au Leicester wanaijua tarehe yao. Uingereza, mkopo wa nyumba ya kupangisha huwa na kiwango kisichobadilika kwa miaka 2 au 5, kisha huangukia kiwango cha kawaida cha mkopeshaji, ambacho huwa juu. Riba ya Benki Kuu ya huko ilitoka asilimia 0.1 mwishoni mwa 2021 ikafika 5.25 Agosti 2023, na waliofikia tarehe yao katikati ya miezi hiyo waliumia. Lakini waliijua tarehe. Kwetu Kenya tarehe hujificha ndani ya kifungu. Mikopo mingi ya nyumba ni ya riba inayobadilika tangu siku ya kwanza, au baada ya kipindi kifupi cha mwanzo, na mteja huja kugundua anapotumiwa barua. Kuanzia Septemba 2016 sheria iliziwekea benki dari la asilimia 4 juu ya riba ya msingi ya Benki Kuu. Novemba 2019 dari hilo likaondolewa. Riba ya msingi ikapanda hadi asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kushushwa Agosti mwaka huo, na Aprili 2025 ilikuwa 10. Ilipopanda, barua zilifika upesi. Iliposhuka, ni juu yako kwenda kuuliza.

Wengi Garissa hawataki kabisa kusikia habari za riba, na kwao mlango uliofunguka ni wa benki za Kiislamu, zilizoanza kazi nchini mwaka 2008: Gulf African Bank na First Community Bank, hii ya pili ikaja kuwa Premier Bank mwaka 2023. Hapa mtu hufanya kosa la kudhani kwamba mikataba yote ya halali ni sawa. Si sawa, na mwisho wake si sawa.

Murabaha ni mauziano. Benki imenunua, imekuuzia kwa bei ya juu, nawe unalipa kidogo kidogo. Bei ikishatajwa haiongezeki, dunia itikisike vipi. Hiyo ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake unaonekana muda unapokwisha na deni bado lipo: benki inaweza kukuongezea muda, lakini haiwezi kukuongezea bei kwa sababu ya muda huo, kwani kuongeza deni kwa ajili ya kuchelewa ndiyo riba yenyewe iliyokimbiwa. Kwa hiyo usitarajie urahisi wa kusema "niongezeeni miaka 5" kana kwamba ni mkopo wa kawaida. Ukipendekezewa murabaha mpya ya kulipia ile ya zamani, usitie saini kabla ya kuuliza bodi ya Sharia ya benki, na kabla ya kumuuliza sheikh wako mwenyewe ambaye halipwi na benki. Na ukitaka kulipa mapema, kupunguziwa faida iliyobaki ni hisani ya benki isipokuwa imeandikwa vingine. Iombe kwa maandishi, mapema, siku ambayo bado wanakuhitaji.

Musharaka inayopungua ni ushirika: nyumba ni yenu wawili, unalipa kodi kwa sehemu ya benki na unainunua sehemu hiyo kipande kwa kipande. Hapa kodi hupitiwa upya kila baada ya muda uliokubaliwa, na mara nyingi hufuata kigezo kile kile cha soko ambacho mikopo ya riba inafuata. Kwa maneno mengine, aliye kwenye musharaka naye ana njia panda yake, tena kadhaa. Na ijara, ambako benki inakukodisha hadi mwisho kisha inakukabidhi, ina jambo ambalo watu hulisahau: kukabidhiwa ni mkataba wa pili, wa zawadi au wa mauzo, unaosimama peke yake. Kulipa kodi ya mwisho hakukupi nyumba. Karatasi ile ya pili ndiyo inayokupa.

Tuweke hesabu mezani. Tumchukue mwalimu mkuu mstaafu wa mfano tu, asiyekuwa mtu yeyote. Ana jengo la vyumba 12, kila chumba shilingi 10,000, na anadaiwa milioni 6 kwa miaka 15. Riba ikiwa asilimia 13, atalipa benki karibu 75,900 kwa mwezi. Ikipanda hadi 18, atalipa karibu 96,600.

Mwezi mzuri vyumba vyote vimejaa: 120,000. Mamlaka ya Mapato, KRA, inachukua asilimia 7.5 ya kodi yote iliyoingia, kiwango kilichoanza Januari 2024 baada ya kuwa 10, yaani 9,000. Maji ya boza bomba linapokauka, mlinzi, taka, fundi: tuseme 15,000. Anabaki na 96,000. Kwa kiwango cha kwanza anatia mfukoni 20,100. Kwa kiwango cha pili, jengo likiwa limejaa hadi chumba cha mwisho, anapungukiwa na 600.

Mwezi mbaya vyumba 5 tu ndivyo vyenye watu: 50,000. KRA 3,750. Gharama hazishuki sana, mlinzi halindi nusu ukuta, tuseme 12,000. Anabaki na 34,250. Benki inasubiri 75,900, kwa hiyo anatoa kwake 41,650 kila mwezi, au 62,350 ikiwa riba ni ile ya juu. Zidisha kwa miezi 9 ya mwaka 2015. Ni 374,850 kwa riba ya chini, na 561,150 kwa ya juu. Hiyo ndiyo namba ninayotaka uende nayo benki. Kama unaweza kuitoa bila kuuza ngamia wa mwisho na bila kumtoa mtoto shule, ongeza muda wa mkataba, huna la kuogopa. Kama huwezi, basi swali la riba nafuu ni la pili. La kwanza ni namna ya kupunguza deni lenyewe kabla ya kutia saini tena.

Nisimame kidogo kwenye kodi ya KRA, kwa kuwa wengi hupoteza hapa. Ile asilimia 7.5, kwa anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hukatwa kwenye mapato yote kabla ya kutoa gharama yoyote, hata riba. Lakini sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna kwamba hutaki mpango huo, ukatozwa kwa faida halisi ya mwaka, na hapo riba inatolewa. Mstaafu wetu, mwaka wa kwanza kwa asilimia 18, analipa riba ya karibu milioni 1.07. Kwa mpango wa kila mwezi kodi yake ni 108,000 kwa mwaka. Kwa mpango wa faida halisi, akitozwa asilimia 30, ni karibu 56,000. Deni likishakuwa dogo, riba nayo imekuwa ndogo, na mpango wa kila mwezi ndio unaogeuka kuwa nafuu. Kwa hiyo siku ya kubadili mkataba wa benki ni siku ya kubadili hesabu ya kodi pia. Mtafute mhasibu, ada yake utaipata humo.

Kumtupia mpangaji mzigo nako kuna mipaka yake. Ukiwa na maduka chini na vyumba juu, kama majengo mengi ya mjini, mwenye duka asiye na mkataba ulioandikwa, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, analindwa na Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Kumpandishia kodi kunahitaji ilani rasmi ya miezi 2 au zaidi, naye ana haki ya kwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Barua ya benki itaanza kukukata mwezi ujao. Ya duka itachukua msimu.

Kuhamia benki nyingine ni ushauri unaotolewa kwa wepesi sana na watu wa Nairobi. Kenya nzima ina mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 tu, na ardhi ya kaskazini mashariki ndiyo inayotazamwa kwa shaka zaidi. Sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya amana, leo ni ya jamii chini ya sheria ya 2016, na hata mjini wengi wanashika barua ya kugawiwa ploti wala si hati miliki. Kama benki yako ilikubali kukupa fedha, maana yake una hati. Hiyo ni mali adimu, itumie unapojadiliana. Lakini fahamu kwamba kuhama kunagharimu: mthamini mpya, wakili mpya, kuondoa rehani ya zamani na kuandikisha mpya. Jumlisha gharama hizo, zigawe kwa nafuu ya mwezi, uone itakuchukua miezi mingapi kuzirudisha. Ikizidi miaka 2, kaa ulipo na upigane na benki yako.

Kuuza. Neno hili ni zito Garissa. Nyumba ikiuzwa watu huuliza nani amekufa. Nalisema wazi hata hivyo, kwa sababu nyumba isiyojilipia hata ikiwa imejaa inakula nyumba nyingine. Ukiuza kwa hiari utalipa asilimia 15 ya faida uliyopata, kiwango cha tangu Januari 2023 kilipopandishwa kutoka 5, na mnunuzi atalipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 kwa ardhi ya mjini. Ukingoja benki iiuze yenyewe, sheria inakupa muda zaidi kuliko watu wanavyodhani: ilani ya miezi 3 ya kulipa, kisha ilani ya siku 40 kabla ya kuuza, kisha siku 45 za dalali. Muda huo usiutumie kujificha. Utumie kutafuta mnunuzi wewe mwenyewe, ukiwa na ruhusa ya benki, maana bei ya mwenye mali aliyekaa kwenye kiti chake si bei ya nyundo ya dalali.

Njia ambayo watu wa kwetu huipenda kuliko zote ni kuchanga na kumalizana na benki. Abti, yaani mjomba, aliyeko Minneapolis anatuma kwa hawala, kina mama wanatoa zamu ya hagbad, mchango wao wa kupokezana, kaka anauza madume wawili kwenye mnada wa mifugo. Ni njia nzuri, na nimeona ikiokoa majengo. Ninachokiogopa ni ukimya unaoifuata. Je, abti amekukopesha, amekupa, au amenunua sehemu? Siku ya kuchanga kila mtu anaona aibu kuuliza. Miaka 12 baadaye mwenye nyumba anafariki, na katika mirathi deni hulipwa kabla ya warithi kugawana chochote. Abti anasema alikuwa mshirika, watoto wanasema ilikuwa sadaka, na Kadhi anaomba karatasi ambayo haipo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mwenye kumheshimu mjomba wake amwandikie.

Na kama umefika mwisho wa kweli, umelipa shilingi ya mwisho, usirudi nyumbani na risiti ukalala. Omba barua ya benki kwamba hudaiwi. Wakili aandae hati ya kuondoa rehani, isajiliwe kwenye afisi ya ardhi. Kwa ijara, omba ule mkataba wa pili. Kwa musharaka, hakikisha sehemu ya benki imehamishwa kwa jina lako. Wiki chache baadaye fanya sachi, yaani upekuzi wa rekodi za ardhi, kama vile wewe ni mnunuzi wa nyumba yako mwenyewe, na usome mistari yote. Angalia pia miaka iliyobaki kwenye hati ya ukodishaji kutoka kwa serikali. Ni wakati mzuri wa kujua, kabla hujaamua kuongeza ghorofa.

Kisha fanya tena ile hesabu ya mwezi mbaya. Vyumba 5 vina watu, 7 vimefungwa, chuo kimefungwa au walimu wameitwa Nairobi. Mstaafu wetu bado anaingiza 34,250, na hakuna anayezisubiri. Anaweza kumwambia muuguzi wa Meru aliyekataa kukimbia, ambaye mshahara wake wa kaunti umechelewa mwezi wa pili, kwamba akae tu, watahesabiana ukifika.